Bwana Afya na Udongo Usiokunywa

Akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, hakutazama picha ukutani wala kusifu makochi. Aliuliza choo kiko wapi. Mwenye nyumba alidhani mgeni amebanwa, akamwonyesha haraka, naye akaenda taratibu, akakaa humo kwa muda wa kutia wasiwasi, kisha akarudi na hukumu. "Choo chenu kinapumua vizuri." Au: "Nyuma ya bomba pana unyevu, mwiteni fundi kabla ukuta haujaoza." Baada ya hapo ndipo alipokaa na kuuliza habari za watoto.

Watanzania wa London walimzoea. Kwenye harusi, kwenye maombi, kwenye misiba ya Peckham ambako ukumbi ni wa kukodi, ungemwona mzee mrefu mwenye koti la kijivu akitoka chooni anatikisa kichwa, na mtu akimwambia mwenzake, "Bwana Afya keshakagua. Jikaze mpaka nyumbani."

Bwana Afya lilikuwa jina la kazi aliyoifanya Tanzania kwa miaka mingi: mtumishi wa serikali anayepita nyumba kwa nyumba kuangalia kama watu wana choo, kama choo kina mfuniko, kama kisima kiko mbali na choo. Kazi iliisha, jina likabaki. Hata mkewe alimwita hivyo, ila yeye alilitamka kama unavyomwita mtoto aliyevunja kikombe.

Mimi nilikuwa mpangaji wao. Nilikuja London kusoma, nikamaliza shahada ya pili, nikapata kazi ya ofisini, halafu nyumba niliyokuwa nimepanga chumba Kenton ikauzwa. Mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna wazee wawili mwisho wa London wana chumba kitupu na wanapenda mtu wa kuzungumza naye. Sikuelewa maana ya mwisho wa London mpaka basi liliposimama, dereva akazima injini, nami nikaendelea kwa miguu kwenye kijia kisicho na taa, farasi wakinitazama kutoka nyuma ya ua. Bado ilikuwa London. Mapipa ya taka yalikuwa na nembo ya kaunsili, yaani halmashauri, ya London. Lakini mabomba ya majitaka ya London yaliishia kule basi lilikoishia.

"Kwa nini mlinunua huku?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikiwa bado nimeshika begi.

"Kuna bustani."

"Kwa nini bustani?"

"Mama yako anataka kupanda mchicha."

"Si angepanda kwenye ndoo?"

Akamgeukia mkewe. "Mama, wametuletea Bi Kwanini."

Jina likanikaa. Nilikuwa nimesoma miaka mingi nikifundishwa kwamba swali hilo ndilo mwanzo wa akili, na yeye hakuliheshimu hata kidogo. Alisema ni swali la mtu mwenye nafasi. Swali lake yeye lilikuwa moja, na alilitumia kwa kila kitu duniani: inaenda wapi? Ukimwambia umenunua sabuni mpya inayoondoa madoa yote, alikuuliza yale madoa yanaenda wapi. Mhubiri akisema dhambi zetu zimeoshwa, alininong'oneza pale kwenye kiti, "Zimeenda wapi?" Nilipomwonyesha cheti changu cha chuo kikuu alikisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwa mikono miwili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hiki, mwanangu, kinaenda wapi?"

Kwa hiyo alipoikuta nyumba isiyo na bomba la kaunsili, hakushtuka. Alifurahi. Uchafu wa nyumba ile ulikwenda kwenye tangi la zege lililozikwa mwisho wa bustani. Mazito yalibaki chini, gari lilikuja mara moja moja kuyanyonya, na maji yaliyobaki yalipita kwenye mabomba yenye matundu na kupotelea ardhini. "London nzima inapeleka majitaka yake kwa watu isiowajua," alisema. "Sisi tunajua yetu yaliko." Wageni aliwapeleka kuona mfuniko wa tangi kabla hawajaonyeshwa sebule. Alisimama juu yake, mikono nyuma, akieleza.

"Wanaume wengine wanaonyesha gari," Mama alisema kutoka dirishani. "Mimi nimeolewa na mwenye shimo."

"Shimo halivunji ndoa," alijibu. "Magari yamevunja nyingi."

Kunawa mikono kwake ilikuwa ibada. Alifungua bomba mpaka mwisho, akapaka sabuni hadi viwikoni, akasugua kila kidole peke yake kama anayehesabu ndugu, huku maji yanakwenda. Mtu huyohuyo alikunywa maji ya bomba la bustani kwa kukinga kiganja, bila kuyachemsha, baada ya kuwahubiria watu nusu ya maisha yake kwamba wachemshe. Nilipomuuliza alisema anaifahamu njia ya maji hayo. Alikataza viatu ndani ya nyumba, lakini yeye aliingia na mabuti yenye tope kila alipotoka kukagua tangi, kwa sababu, alisema, yeye alikuwa kazini.

Kitu kilichonichosha zaidi kwake ni imani aliyokuwa nayo kwa kamati. Mimi siamini kamati. Nimefanya kazi kwenye ofisi zinazoziunda. Nilimwambia kamati ni watu waliokaa pamoja ili jambo likiharibika asipatikane wa kulaumiwa. Yeye alisema kamati ni watu waliokaa pamoja ili mmoja asiamue kwa hasira.

"Mimi niliamua peke yangu," alisema. "Mchana, jua kali, nina njaa, mwenye nyumba ananitukana. Unafikiri niliamua vizuri?"

Siku alipolisema hilo alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau, na ndipo aliponieleza habari ya uji. Enzi za kazi yake hakugusa chakula wala maji ya nyumba anayoikagua. Kanuni ilikataza, naye aliizidisha kanuni. Alibeba chupa yake ya chai kila mahali, akakaa chini ya paa la mtu na kunywa chai yake mwenyewe huku wenye nyumba wanamtazama. Basi alifika kwa bibi mmoja aliyekwishaambiwa kwamba Bwana Afya anakuja. Bibi alimpikia uji. Choo chake kilikuwa kimetitia, kipo karibu na kisima cha watu, na hakuwa na mtu wa kumchimbia kingine. Bwana Afya aliusukuma uji pembeni, akanywa chai yake, akaandika nyumba ifungwe. Bibi alihamishiwa kwa binti yake.

"Alilia?" niliuliza.

"Hakulia. Wala hakuniuliza kwa nini sikumpa muda. Aliniuliza kwa nini sikunywa uji." Akakoroga vitunguu. "Choo nilikuwa na haki. Ningekifunga hata leo. Uji ndio umenishinda."

Tangu alipostaafu, hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake bila kula. Mleta barua alikula. Msoma mita alikula. Mwanamke aliyekuja kutuuliza kama tumemfikiria Yesu alikula mara mbili. Ile chupa ya chai Mama aliitia stoo, nyuma ya mashine ya kukatia majani, akasema hataki kuiona tena maishani mwake.

Mwaka wangu wa pili nyumbani kwao, Mama alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilala, ulimi ukabaki mzima, na alishukuru kwamba haikuwa kinyume chake. Alikaa kwenye kiti kando ya dirisha la jikoni, akitazama mchicha na kutoa amri. Wahudumu walikuja asubuhi. Kazi nyingine zote alizifanya mumewe. Alimwogesha, alimbadilisha, alifua mashuka kila siku, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Mashine ilikuwa haizimwi. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na Mama hakuwahi kumshukuru. Alimwambia tu, "Sugua vizuri, Bwana Afya, nitakufungia," nao wakacheka wote wawili mpaka mmoja akapaliwa.

Maji yale yote yalikwenda kwenye tangi.

Mchicha ndio uliotangulia kutuambia. Ulinenepa kwa namna isiyo ya kawaida. Halafu ardhi pembeni ya mfuniko ikawa laini, halafu ikawa inanuka. Bwana Afya alimwita fundi kutoka Queensbury, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye mzee alimpenda kwa sababu ndiye fundi pekee wa London aliyeweza kumtukania tangi kwa Kiswahili. Fundi alifungua mfuniko, akamulika, akavuta pumzi akajuta.

"Mzee, hii tanki imekwisha. Ukuta imepasuka huku na huku. Mabomba ya chini yamejaa tope."

"Inatengenezeka?"

"Mimi naweza tia kiraka. Kimyakimya. Jumamosi mbili, tumemaliza. Nani ataona? Hawa farasi?"

Upande wa chini wa bustani, nyuma ya ua, kulikuwa na kijito chembamba ambacho majira ya joto huwa hakina maji. Bwana Afya alikitazama. Nilijua anachokitazama, nikasema haraka, "Kiraka kinatosha. Kwa nini tusinyamaze? Kila mtu ananyamaza."

"Inaenda wapi, Bi Kwanini?"

"Mzee, sikiza," fundi alisema. "Ukiita kaunsili, wewe unaita ndovu kuingia nyumba. Kutoka yake itakuwa shida."

Aliwaita. Mwenyewe, kwa simu, kwa Kiingereza chake cha kiofisi, akajitambulisha kama mtumishi mstaafu wa afya ya jamii na kuripoti nyumba yake. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza na kutaka kumnyang'anya simu. Baadaye alinieleza hesabu yake. Katika kazi yake, mtu aliyekuja ofisini kwa miguu yake kusema choo changu kimeanguka hakumfungia. Alimpa msimu mzima. Waliojificha ndio aliowafungia. Aliamini kwamba kila ofisi ya afya duniani ina desturi hiyo.

Na kwa muda kidogo ilionekana kweli inayo. Kaunsili ilimtuma ofisa, dada kijana wa Kiingereza mwenye mabuti makubwa kuliko yeye, mpole, asiye na haraka. Bwana Afya alimpokea kama mwenzake. Walichimba shimo dogo pamoja na kulijaza maji, ili waone ardhi inayanywa kwa kasi gani; ndicho kipimo, kwetu na kwao. Kwetu, alisema, ukimwaga ndoo, udongo mwekundu umeshayameza kabla hujaiweka ndoo chini. Udongo wa London ni mfinyanzi. Maji yalikaa shimoni yakitutazama. Tulirudi ndani, tukatoka tena, bado yapo. Bwana Afya alipiga magoti pembeni ya shimo, na nilimsikia akisema chini kwa chini, kwa Kiswahili, kama anayembembeleza mgonjwa, "Kunywa. Kunywa basi."

Hata hivyo yule dada alisema kuna njia. Angependekeza kwa kamati ya afya ya mazingira kwamba tangi litengenezwe kwa masharti, gari la kunyonya lije mara kwa mara, na nyumba ipewe muda huku ikitafutwa namna ya kufika kwenye bomba kubwa la kaunsili. Kulikuwa na mgonjwa ndani, alisema, na kamati inaangalia hilo. Nilimwona Mama dirishani akifumba macho na kuyafumbua.

Nyumba nzima ilikuwa inanukia pilau tangu asubuhi.

Yule dada alikataa kula. Alikataa vizuri, mkono kifuani, akishukuru. Bwana Afya alikubali kukataliwa, nikapumua. Kisha, yule dada alipokuwa ameinama anavua mabuti kando ya gari lake, mzee akatoka na kopo la aiskrimu lililojaa pilau mpaka mfuniko umevimba, akaliweka kwenye kiti cha mbele.

"Ni ya watoto."

"Sina watoto."

"Basi ya jirani. Kila mtu ana jirani."

Dada alicheka kwa haya. Akaondoka nalo.

"Wewe mwenyewe ungemwandika kwenye ripoti ofisa anayepokea chakula," nilimwambia gari lilipopotea. "Ungekula chakula cha nyumba unayoikagua? Kwa nini umempa?"

"Ningemwandika," alisema. "Ndiyo sababu nimempa."

Nilifikiri ni jibu la kijinga. Sasa, nikiukumbuka uji wa yule bibi, nalielewa kidogo, nalo bado naliona la kijinga.

Yule dada alifanya kama kanuni inavyotaka. Alimweleza mkubwa wake kwamba amepokea kitu kutoka kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyesema rushwa. Hakuna aliyekasirika. Ila kanuni ilisema faili lihamie kwa ofisa mwingine, na pendekezo la ofisa wa kwanza liondolewe, na jambo letu litolewe kwenye kikao kilichokuwa kinakaribia, lisubiri kingine. Tuliambiwa hayo kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetutakia mema.

"Amefanya vizuri," alisema Bwana Afya. "Ningekuwa mkubwa wake ningempandisha cheo."

"Na mimi unipandishe wapi?" Mama aliuliza. "Mbinguni?"

Ofisa wa pili alikuja majira ya baridi. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, mfinyanzi umeshiba, bustani imekuwa bwawa lenye utando, na kutoka pembe ya tangi mfereji mdogo wa kijivu ulikuwa unatambaa kuelekea kijitoni. Alipiga picha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja wakati mbaya. Kama angekuja majira ya joto angeona alichokiona mwenzake. Nilimwambia hivyo, akaniambia kwa heshima kwamba yeye anaandika anachokiona.

Nilikwenda na Bwana Afya kwenye kikao cha kamati. Alivaa suti aliyoistaafia. Chumba kilikuwa na joto kali, biskuti kwenye sahani, na maombi ya watu wengine yalitangulia letu: mwenye hoteli aliyekuwa na panya, jirani na kelele. Tulikuwa tumefanya mazoezi jikoni siku nyingi. Angeanza na Mama. Angesema kiharusi, mashuka, kiti cha dirishani, mwisho aombe muda. Mama ndiye aliyemsahihisha: "Usiwaeleze tangi. Hawakuulizi tangi. Waeleze mimi."

Mwenyekiti alimpa nafasi. Bwana Afya alisimama, akafunga kifungo cha koti, akawaeleza tangi.

Alieleza jinsi ukuta unavyopasuka. Alieleza kinachosafiri kwenye maji yale, ugonjwa mmoja mmoja, na watoto wa shule wanaocheza kwenye kijito hicho huko chini. Alieleza vizuri kuliko ofisa mwenyewe, na wajumbe waliacha biskuti wakaanza kuandika. Nilimvuta koti. Nilimvuta tena. Alikuwa amerudi kazini. Uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona, uso wa mtu anayesikilizwa na watu wa fani yake, na aliposema hatimaye, "Mke wangu—" mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba muda wake umekwisha.

Uamuzi ulikuwa wa haki. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kama ungekuwa wa dhuluma. Tangi lisitengenezwe, lifukiwe. Kwa kuwa udongo haunywi, maji yasimwagwe ardhini kabisa. Liwekwe tangi jipya lililofungwa pande zote, lisilotoa tone, linyonywe na gari. Lakini kati ya nyumba, kijito na mpaka wa jirani, palibaki nafasi ya tangi dogo tu, na tangi la ukubwa huo kamati iliweza kuliruhusu kwa nyumba ya mtu mmoja. Mtu mmoja. Bomba kubwa la kaunsili lilikuwa upande wa pili wa shamba la farasi. Mwenye farasi hakutaka lichimbwe, na kamati haikuwa na nguvu ya kumlazimisha. Fedha hazikuwa tatizo, watoto wao walioko Kanada walikuwa tayari. Kuuza na kuhama haikuwezekana, kwani nani ananunua nyumba yenye hukumu ya choo? Nilitafuta mtu wa kumchukia. Nilimpitia yule dada, ofisa wa pili, mwenyekiti, mwenye farasi, fundi. Nilifika hata kwa mvua. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzuri.

Nilihama mwezi uleule. Nilifikiri nafasi ya maji yangu ya kuoga itakuwa ya kufulia mashuka ya Mama. Nilipata chumba Peckham, juu ya saluni, na kila Jumamosi nilivuka London yote kwa mabasi nikiwa na mifuko miwili ya mashuka machafu, nikayafulia kwangu, nikayarudisha Jumapili. Watu kwenye basi walihama viti. Bwana Afya aliacha kuoga bafuni, akajifuta kwa kitambaa. Alinawa kwa kikombe. Mgeni akifika alimwambia mapema, bila kumtazama, kwamba kituo cha mafuta kule barabarani kina choo kizuri sana. Wageni bado aliwapa chakula. Hawakuja tena, kwani nani anakula nyumba asiyoweza kwenda chooni?

Pamoja na hayo tangi lilijaa kabla ya siku ya gari iliyopangwa kwenye kibali cha kamati. Likajaa tena. Mwili wa mgonjwa haufuati kikombe. Mtu wa ustawi wa jamii akaja, akakaa na Mama, akamwuliza anavyotaka. Mama akasema anataka kukaa nyumbani kwake. Akaandika hivyo. Kisha akaeleza kwa nini haiwezekani.

Siku ya kumhamisha nilikuwepo. Gari la wagonjwa lilisimama kwenye kijia, farasi wakasogea kutazama. Bwana Afya alikuwa amemfungia vitu vyake vizuri mno, kila kitu kimekunjwa. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, khanga begani. Akamwita.

"Bwana Afya."

"Naam."

"Kazini ulifunga nyumba ngapi?"

Aliangalia chini. "Sikumbuki."

"Basi ongeza hii."

Alisema kwa sauti yake ya utani. Nilisubiri wacheke. Wahudumu wakakisukuma kiti.

Nilimwona mara ya mwisho miezi michache iliyopita, kwenye nyumba ya wazee alikolazwa Mama, jengo la matofali karibu na reli. Nilimkuta tayari amefika. Huenda kila siku, basi la kwanza. Koti lile lile la kijivu, ila limekuwa kubwa. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha linalotazama maegesho.

"Bi Kwanini amekuja," Mama alisema. "Kaa. Muulize mume wangu kwa nini hali."

"Nakula," alisema Bwana Afya.

Mhudumu mmoja, msichana wa Mombasa, akaingia na chai yetu sote watatu. "Shikamoo baba. Leo nimekuwekea tangawizi, usinikatalie."

"Marahaba, mwanangu. Asante. Ninayo yangu."

Akafungua mfuko akatoa ile chupa. Ilikuwa na kutu kwenye shingo. Akajimiminia kwenye mfuniko wake, akanywa akitazama ukuta, kikombe cha msichana kikipoa mbele yake. Msichana alinitazama kama aliyekosea kitu. Mama aliitazama chupa.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Stoo."

"Nilisema sitaki kuiona."

"Ningemletea taabu huyu mtoto," alisema. "Nikianza kunywa chai yake, kesho nitamletea pilau."

Nilikuwa na swali langu mdomoni na sikuliuliza. Akafunga chupa, akainuka, akaenda kwenye choo cha chumbani, mlango ukafungwa. Tulimsikia akivuta maji. Kisha bomba la kunawia likafunguka, na lilifunguliwa mpaka mwisho, kama alivyokuwa akilifungua zamani.

Tulingoja. Msichana akachukua vikombe akaondoka. Treni ikapita. Maji yakaendelea kutiririka, mengi, bila kukatika, muda mrefu kuliko viwiko na vidole vyote vya mtu yeyote vinavyohitaji. Nikainuka niende kugonga.

"Mwache," alisema Mama. "Nyumbani hafungui hivyo."

Nikakaa. Tukayasikiliza yakienda.